Kabla Hujanunua Kamera Isiyo na Kioo: Historia Fupi Kutoka Bonde la Ufa

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa kwa sababu ya kazi. Kilichonirudisha hapa leo ni ujumbe kutoka kwa mpwa wangu wa Njoro: "Mjomba, sacco imenipitishia mkopo. Ninunue kamera gani?"

Kijana huyu hupiga picha za harusi, matanga na mahafali. Siku ambayo hana kazi huabiri matatu hadi Nakuru mjini, kisha hutafuta njia ya kufika ziwani kupiga picha za ndege. Miaka yote hii ametumia kamera ya kuazima. Pamoja na ujumbe alinitumia jedwali la kamera saba zisizo na kioo, amezipanga kwa wingi wa megapikseli, na nyingine ya juu kabisa akaipigia mstari. Mimi kazi yangu ni kuandika programu, lakini katika ukoo wetu mtu wa kompyuta huhesabiwa kuwa anajua kila kitu chenye betri.

Nilitaka kumjibu kwa mstari mmoja, nikashindwa. Mkopo ni wa miaka mitatu. Akikosea atakuwa akilipa deni la kifaa kisichomletea kitu. Nami nimejifunza katika kazi yangu kwamba ukitaka kuelewa mfumo, usianze na toleo jipya. Anza na shida iliyowafanya watu waujenge. Kwa hivyo ndugu msomaji, kabla ya kufika kwenye lenzi na bei, turudi nyuma zaidi ya miaka mia moja, papa hapa Bonde la Ufa.

Mkuki ulioishinda kamera

Reli kutoka Mombasa ilifika Nakuru mwaka 1900. Nyuma ya reli wakaja walowezi, wawindaji na wapiga picha. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alifika na msafara mkubwa na kupita Naivasha na Njoro. Mwanawe Kermit ndiye aliyebeba kamera ya msafara. Mwingereza Cherry Kearton naye alimpiga Roosevelt filamu, na filamu hiyo ikaonyeshwa mwaka 1910.

Kamera za sinema za wakati huo zilikuwa masanduku mazito juu ya miguu mitatu. Mkono mmoja unazungusha kishikio ili filamu ipite. Ukitaka kugeuza kamera kushoto au kulia, unazungusha kishikio kingine. Ukitaka kuinua au kuinamisha, kingine tena. Fikiria sasa simba anakimbia.

Hiyo ndiyo shida iliyomkuta Mmarekani Carl Akeley kwenye uwanda wa Uasin Gishu mwaka 1910. Alitaka kupiga filamu ya wapiganaji wa Kinandi wakimwinda simba kwa mikuki. Wanandi walifanya kazi yao. Simba alizungukwa, mikuki ikaruka, mambo yakaisha kwa sekunde chache. Kamera haikuweza kuwafuata. Akeley alirudi kwao akiwa ameshindwa, akaanza kuunda kamera yake mwenyewe.

Kamera ya Akeley ilikuwa ya mviringo, hata watu wakaipa jina la utani la chapati. Mpigaji aliweza kuigeuza na kuiinua kwa mwendo mmoja laini, kwa mkono mmoja. Ilikuwa na lenzi mbili zinazolingana: moja inapiga, nyingine inamwonyesha mpigaji kile hasa kinachopigwa. Jeshi la Marekani liliitumia katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Robert Flaherty aliitumia kwa filamu ya Nanook of the North ya mwaka 1922. Martin na Osa Johnson walirudi nayo Kenya kupiga wanyama.

Naomba ukumbuke mambo mawili kutoka kisa hiki. La kwanza, shida ya mahali ndiyo iliyozaa mashine. La pili, swali la Akeley ndilo lililoendesha historia yote inayofuata: nitaonaje hasa kile ambacho kamera inakiona?

Kamera isiyo na kioo si kitu kipya

Wauzaji hulitangaza jina "isiyo na kioo" kana kwamba ni uvumbuzi wa juzi. Leica ya mwaka 1925 haikuwa na kioo. Ilikuwa ndogo, ya kutia mfukoni, na ilitumia filamu ya milimita 35 iliyotengenezwa kwa ajili ya sinema. (Kwa hivyo ndoa ya picha na filamu ni ya zamani kuliko tunavyodhani.)

Shida ya Leica ni kwamba ulichungulia kupitia tundu la pembeni, si kupitia lenzi. Kwa picha ya mtu aliye mbele yako, hakuna neno. Kwa ndege aliye mbali na lenzi ndefu, tundu linaona kitu kimoja na lenzi inaona kingine, na kulenga kunakuwa kubahatisha.

Jawabu likawa kioo. Weka kioo nyuma ya lenzi kwa mshazari, mwanga upande juu hadi kwenye jicho. Ukibonyeza, kioo kinaruka juu, mwanga unapita hadi kwenye filamu, kisha kioo kinarudi. Kine Exakta ya Ujerumani ilifanya hivyo kwa filamu ya milimita 35 mwaka 1936. Mwaka 1937 Arriflex ilileta kioo kinachozunguka ndani ya kamera ya sinema. Na mwaka 1959 Nikon wakatoa kamera ya F, ambayo wapiga picha wa habari na wa wanyama duniani kote waliikumbatia.

Lakini kioo kina gharama yake. Kinahitaji nafasi ya kuruka. Ndiyo maana katika kamera ya Nikon F umbali kutoka pete ya kufungia lenzi hadi kwenye filamu ni milimita 46.5. Tafadhali shika namba hiyo, tutaihitaji.

Ziwa la waridi

Kioo kilipokuwa kikienea, Nakuru nayo ilikuwa ikipata umaarufu kwa jambo jingine: heroe, ambao wengi wetu tunawaita flamingo. Katika miaka ya wingi walifika zaidi ya milioni moja, na ukingo wa ziwa ukawa wa waridi. Afisa wa kilimo Leslie Brown, aliyewachunguza ndege hawa, karibu apoteze miguu mwaka 1954 alipojaribu kutembea kwenye magadi ya Ziwa Natron kufikia viota vyao. Kitabu chake juu ya heroe kilitoka mwaka 1959. Ziwa Nakuru lilitangazwa kuwa hifadhi ya ndege mwaka 1960, na kuwa mbuga ya taifa mwaka 1968.

Watalii walikuja na kamera za kioo na roli za filamu za picha 36. Nawe ukiwa na picha 36 tu, unafikiri kabla ya kubonyeza. Wenye filamu za sinema walikuwa na hali ngumu zaidi. Roli ya futi 100 ya filamu ya milimita 16 huisha kwa chini ya dakika tatu. Fanya hesabu: futi moja ina picha 40, kwa hivyo roli ina picha 4,000. Gawa kwa 24 kwa sekunde, unapata sekunde 166.

Kwa hali hiyo Alan na Joan Root, waliokuwa na makao kando ya Ziwa Naivasha, walitengeneza filamu za wanyama zilizotazamwa duniani kote. Filamu yao ya mwaka 1978 kuhusu mchwa na vichuguu vyao, Mysterious Castles of Clay, ilifikishwa hadi kwenye orodha ya kuwania tuzo ya Oscar.

Wengi wakati huo walichagua upande mmoja: wewe ni wa picha au wewe ni wa filamu. Mkenya mmoja alikataa kuchagua. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1943 na mwanzilishi wa Camerapix, alijulikana kwa kufanya kazi zote mbili kwa safari moja. Picha zake za video za njaa ya Ethiopia, zilizorushwa na BBC mwezi Oktoba 1984, ziliutikisa ulimwengu. Wakati huohuo alitoa vitabu vya picha kuhusu nchi zetu. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha jijini Addis Ababa ulimuua mwenzake wa sauti, John Mathai, na Amin akapoteza mkono wa kushoto. Akatengenezewa mkono wa bandia, akarudi kazini. Alifariki Novemba 1996, ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa nyara ilipoanguka baharini karibu na Komoro.

Nimemtaja Amin kwa sababu kile alichofanya kwa mashine mbili na nguvu za ajabu, leo kijana wa Njoro anatazamiwa akifanye kila Jumamosi. Bibi harusi anataka albamu na anataka video. Halipi watu wawili.

Wiki tatu za mwaka 2008

Dijitali ilipokuja, kioo hakikuondoka. Nikon D1 ya mwaka 1999 na zilizoifuata zilikuwa kamera za kioo zenye kihisi mahali pa filamu. Pete ilikuwa ileile, lenzi zilezile.

Mgeuko ulitokea mwaka 2008, ndani ya siku 21. Tarehe 27 Agosti Nikon walitangaza D90, kamera ya kwanza ya kioo yenye kurekodi video. Tarehe 12 Septemba Panasonic wakatangaza G1, kamera ya kwanza ya mfumo wa Micro Four Thirds waliouunda pamoja na Olympus: lenzi za kubadilisha, kioo hakuna. Tarehe 17 Septemba Canon wakatangaza 5D Mark II, yenye video ya ubora wa juu kwenye kihisi cha milimita 36 kwa 24.

Ajabu ni kwamba G1 yenyewe haikurekodi video. Waliirekebisha hiyo mwaka 2009 kwa GH1. Lakini ukiangalia vizuri utaona kuwa matangazo hayo matatu yalikuwa yakisema jambo moja. Kamera ya kioo ikirekodi video, kioo lazima kibaki juu muda wote. Tundu la kuchungulia linakuwa giza. Mfumo wa kulenga ulioutegemea unazimika. Yaani kwenye video kioo ni mzigo tu. Sasa, kama kihisi chenyewe kinaweza kukuonyesha picha kwenye skrini, kioo ni cha nini?

Hapo ndipo swali la Akeley lilipojibiwa. Unaona kile hasa ambacho kamera inakiona, kwa sababu kinachokuonyesha ndicho kinachopiga.

Jibu hilo halikuwa zuri tangu siku ya kwanza. Kamera za mwanzo zilikuwa polepole kulenga kitu kinachokimbia, na betri ziliisha haraka kwa sababu kihisi na skrini hufanya kazi muda wote. Sony A7 ya mwaka 2013 ilipimwa kuwa na picha takriban 340 kwa chaji moja, wakati baadhi ya kamera za kioo za daraja lake zilipita 1,000. Lakini programu ikaendelea kukua. Mwaka 2017 Sony A9 ilipiga picha 20 kwa sekunde bila skrini kuwa nyeusi. Mwaka 2018 Nikon na Canon wakaleta mifumo yao ya Z na RF. Kufikia 2020 na 2021 kamera kadhaa ziliweza kulitambua jicho la ndege na kulifuata zenyewe. Wapiganaji wale wa Kinandi wangerudi leo na mikuki yao, simba asingetoroka kwenye picha.

Pete ndiyo mkataba

Sasa tufike kwenye jambo ambalo jedwali la mpwa wangu halikuwa nalo hata safu moja: pete ya kufungia lenzi.

Kwa sisi waandishi wa programu, pete ni kiolesura. Mwili wa kamera ni programu ya upande mmoja, lenzi ni programu ya upande wa pili, na pete ni mkataba kati yao: kipenyo, umbali, na lugha ya umeme inayopita kwenye zile ncha za shaba. Mwili utaubadilisha baada ya miaka mitano. Lenzi nzuri unaweza kukaa nayo ishirini. Kwa hivyo unaponunua kamera ya kwanza, kile unachonunua hasa ni mkataba.

Kumbuka ile milimita 46.5. Kioo kilipoondoka, umbali ulipungua: Sony E ni milimita 18, Nikon Z ni 16, Canon RF ni 20. Maana yake ni kwamba lenzi ya zamani ya kamera ya kioo inaweza kufungwa kwenye kamera mpya kwa adapta, kwa kuwa nafasi ipo ya kuweka bomba katikati. Kinyume chake hakiwezekani. Lenzi ya mtumba ya miaka ya sabini, iliyosahaulika kwenye kabati la babu, inaweza kupiga picha leo. Utalenga kwa mkono, lakini picha itatoka.

Mikataba mingine hufa. Samsung walianza mfumo wa NX mwaka 2010, wakatoa NX1 iliyosifiwa sana mwaka 2014, kisha wakajitoa kwenye biashara hiyo. Nikon 1 ilianza 2011 ikafungwa 2018. Canon EOS M ilianza 2012 ikafikia mwisho 2023. Waliozinunua hawakuibiwa, kamera zao zinapiga hadi leo. Ila hakuna mwili mpya wala lenzi mpya. Ukizikuta dukani kwa bei ya kuvutia, ujue unanunua programu ambayo haitapata toleo jingine.

Kuna pia suala la uwazi, nalo wasomaji wa hapa wanajua nitaanza kuhubiri. Micro Four Thirds ilianza kama kiwango cha pamoja cha kampuni zaidi ya moja. Sony walitoa maelezo ya msingi ya pete yao ya E kwa watengenezaji wengine mwaka 2011, bila malipo. Matokeo yake Sigma, Tamron na wengine wamejaza soko lenzi za bei mbalimbali. Leica, Panasonic na Sigma waliungana mwaka 2018 kwenye pete ya L. Canon walibana RF kwa miaka mingi, na ni mwaka 2024 tu ambapo Sigma na Tamron walitangaza lenzi za RF zinazolenga zenyewe, tena za vihisi vidogo. Kamera za Canon ni nzuri sana. Lakini mlango ukiwa wa mtu mmoja, bei nayo ni ya mtu mmoja.

Ziwa limehama, hesabu imebadilika

Turudi Nakuru. Katikati ya miaka ya tisini ziwa lilikauka karibu lote. Kuanzia mwaka 2010 likafanya kinyume: maji yakapanda, lango kuu la zamani na ofisi za mbuga zikafunikwa, migunga ya ukingoni ikafia ndani ya maji ikiwa imesimama. Maji mengi hupunguza chumvi, na mwani ambao heroe wanaula hupungua. Wengi wao wakahamia kwingine, hasa Bogoria. Mwaka 2011, wakati maji yakiendelea kupanda, maziwa haya pamoja na Elementaita yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia.

Kwa mpiga picha, hili si habari ya mazingira tu. Picha za ukingo wa waridi ambazo wazazi wetu walipiga kwa lenzi fupi si za kutegemea tena. Unasubiri mahali heroe walipo siku hiyo, mara nyingi mbali. Kwa hivyo tufanye hesabu, maana hesabu haina chama.

Heroe mdogo ana kimo cha karibu sentimita 90. Tuseme yuko mita 100 kutoka kwako. Ukubwa wake juu ya kihisi ni urefu wa lenzi mara kimo, gawa kwa umbali. Kwa lenzi ya milimita 50 unapata milimita 0.45, yaani nukta. Kwa lenzi ya milimita 400 unapata milimita 3.6.

Sasa linganisha vihisi, vyote vikiwa na lenzi hiyohiyo ya 400:

- Kihisi kikubwa (36 kwa 24), megapikseli 24: ndege anachukua asilimia 15 ya kimo cha picha, pikseli 600.
- Kihisi kikubwa, megapikseli 45: bado asilimia 15, pikseli kama 825.
- Kihisi cha APS-C, megapikseli 24: asilimia 23, pikseli kama 920.
- Micro Four Thirds, megapikseli 20: asilimia 28, pikseli kama 1,075.

Umeona? Kamera ya megapikseli 20 inamwona ndege huyo kwa undani zaidi kuliko ile ya megapikseli 45 iliyopigiwa mstari kwenye jedwali. Ukitaka kihisi kikubwa kimfikie, ongeza urefu wa lenzi, na lenzi ya milimita 600 ina uzito wake na bei yake.

Na jambo moja ambalo hakuna kamera inayolitibu: mchana, hewa juu ya ukingo wa ziwa huchemka na kutetemeka, na lenzi ndefu huona mtetemo huo wote. Uwe hapo saa kumi na mbili na nusu asubuhi jua linapochomoza. Hiyo ni bure.

Jumamosi kanisani

Ndege hawalipi mkopo. Harusi ndizo zinazolipa, na harusi zina hesabu yake.

Kihisi kikubwa hukusanya mwanga zaidi, mara 2.25 hivi kuliko APS-C, lenzi zikiwa za tundu sawa. Ni kweli, na kwenye ukumbi wenye giza inasaidia. Lakini lenzi ya f/1.8 huingiza mwanga karibu mara 10 kuliko lenzi ya f/5.6, yaani ile ya kuvuta inayouzwa pamoja na kamera, ukiwa umeivuta hadi mwisho. Kwa hivyo kijana mwenye APS-C na lenzi ndogo ya f/1.8 yuko mbele ya jirani yake mwenye kihisi kikubwa na lenzi hiyo ya f/5.6. Lenzi ndogo za f/1.8 ndizo za bei nafuu kuliko karibu zote.

Kwa upande wa video, haya nimeyakusanya kwa wanaoifanya kazi hii:

Stima yetu ni ya 50 Hz. Rekodi kwa picha 25 au 50 kwa sekunde na shata ya 1/50 au 1/100, la sivyo taa za ukumbi zitapepesa kwenye video. Shata ya kimya ni nzuri wakati wa viapo, lakini chini ya taa za LED inaweza kuchora mistari. Ijaribu mapema.

Uliza kama kamera inakatika baada ya dakika 30. Nyingi za zamani zilikatika kwa sababu ya ushuru wa forodha wa Ulaya, ambao uliihesabu kamera inayorekodi zaidi ya hapo kuwa kamera ya video. Shemeji wa bwana harusi hajui sheria hiyo, na hotuba yake ni ya dakika 40.

Hakikisha kuna tundu la maikrofoni, na ikiwezekana nafasi mbili za kadi. Kadi ikifa, picha za arusi hazirudiwi. Betri, nunua tatu, uzichaji Ijumaa kabla stima haijapotea.

Na vumbi. Jina Nakuru lenyewe husemekana limetokana na neno la Kimaasai la mahali penye vumbi. Kwenye kamera ya kioo, kihisi kilikaa nyuma ya kioo na shata. Kwenye nyingi zisizo na kioo, ukitoa lenzi kihisi kinabaki uchi. Zima kamera, elekeza mdomo chini, badilisha ndani ya gari. Vumbi la magadi la ukingoni ni baya zaidi.

Nilichomjibu

Nilimwandikia mpwa wangu hivi. Futa safu ya megapikseli. Weka safu ya pete, na uandike lenzi tatu utakazozihitaji ndani ya miaka mitatu, pamoja na bei zake, mpya na za mtumba. Anza na mwili wa APS-C au Micro Four Thirds wa miaka minne au mitano iliyopita, mtumba uliotunzwa, wenye kulenga jicho na tundu la maikrofoni. Lenzi ya kwanza iwe ya f/1.8, kwa ajili ya Jumamosi. Lenzi ndefu inunuliwe na pesa za harusi, isinunuliwe na pesa za sacco.

Akanijibu baada ya siku mbili. Jedwali jipya lina kamera mbili tu, na nusu ya mkopo amerudisha. "Lakini mjomba," akaongeza, "heroe nitawapiga lini?"

Swali zuri. Nimempa jibu kwamba mwezi ujao nitakuwa Nakuru, na kwamba ziko duka za kukodisha lenzi kwa siku. Tutakodi moja ya 400, tutatoka Njoro saa kumi alfajiri, twende tukaone kama wapo.